Kazi isipotee, siri zisivuje: zana huria na kanuni za kuandika programu

Makala hii ni kwa ajili yako kama unaandika programu za kompyuta au simu, au ndiyo kwanza unajifunza, na unaishi Gisenyi, Nkamira, Kiziba au popote penye wakimbizi na wenyeji wao. Utapata humu maelezo kuhusu:

- maana ya programu huria, na mifano yake katika eneo letu;
- zana za bure unazoweza kuanza nazo, hata kwa kompyuta ya zamani au simu tu;
- jinsi ya kutunza kazi yako isipotee;
- kanuni za kuandika programu ambayo watu wataiamini;
- jinsi ya kulinda taarifa za watu, na zako mwenyewe.

Maswali mawili ya kuanzia

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Usiku ule maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka kuja Gisenyi na vitu vichache walivyoweza kubeba. Siku zilizofuata, matetemeko ya ardhi yalipasua nyumba hata upande huu wa Rubavu. Wengi kati ya wasomaji wetu mmewahi kuondoka nyumbani namna hiyo, wengine zaidi ya mara moja.

Sasa jiulize. Ungelazimika kuondoka usiku wa leo bila kompyuta yako, programu unayoiandika ingebaki wapi? Na kompyuta hiyo ikiangukia mikononi mwa mtu usiyemjua, angesoma majina ya nani?

Swali la kwanza linahusu kazi yako. La pili linahusu usalama wa watu waliokuamini. Zana na kanuni zote tunazoeleza hapa zinajibu moja kati ya maswali hayo mawili.

Programu huria ni nini?

Kila programu imeandikwa kwa msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inakuruhusu mambo manne: kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma jinsi inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuwagawia wengine.

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta wa namna hiyo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa Linux. Leo kila simu ya Android ina Linux ndani yake, kwa hiyo huenda tayari unabeba programu huria mfukoni.

Hapa Rwanda jambo hili si geni. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunatoka kwa umuganda, na waliotoka Kongo wanalijua kwa jina la salongo. Barabara ikitengenezwa na wote, wote wanaipita. Lakini mfereji usipozibuliwa, mvua inaiharibu. Programu huria nayo ni hivyo: ni mali ya wote, na inabaki nzuri pale tu watu wanapoitunza.

Usichanganye "huria" na "bure". Programu nyingi za simu ni za bure lakini msimbo wake umefungwa, na hujui zinafanya nini na taarifa zako.

Mifano ya karibu nasi

*Ushahidi.* Kenya ilifanya uchaguzi mkuu mwishoni mwa Desemba 2007, na ghasia zikafuata. Januari 2008, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walitengeneza haraka tovuti iliyopokea ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Msimbo wake ulitolewa wazi. Mwaka huohuo ulitumika kukusanya ripoti za vita vya mashariki mwa Kongo, na mwaka 2010 ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

*OpenMRS.* Ni mfumo huria wa kutunza rekodi za wagonjwa. Ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na mwaka huohuo ukafika hospitali ya Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda.

*ODK na KoboToolbox.* Hizi ni zana za kukusanya majibu ya fomu kwa simu, hata pasipo mtandao. ODK ilianzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, na KoboToolbox imejengwa juu ya ODK. Mashirika mengi ya kibinadamu huzitumia, UNHCR likiwemo. Kama umewahi kuhojiwa na mtu aliyeshika simu akijaza majibu yako, huenda ilikuwa mojawapo ya hizi.

*Vim.* Ni programu ya kuandikia msimbo iliyotolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar wa Uholanzi. Mwaka 1994 alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda. Tangu hapo aliomba kila anayeitumia Vim, kama anaweza, achangie watoto wa Kibaale. Moolenaar alifariki mwaka 2023, lakini ukifungua Vim leo bado unaona ujumbe kuhusu watoto wa Uganda.

Zana za kuanza nazo

Huhitaji zote. Chagua moja katika kila kundi.

- Mfumo wa kompyuta: Linux Mint au Debian. Inafaa sana kwa kompyuta za zamani, hasa kwa kuwa huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kusakinisha, nakili faili zako mahali pengine, maana usakinishaji unaweza kufuta diski nzima.
- Lugha ya programu: Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, ni rahisi kusoma kwa anayeanza. Ukitaka kutengeneza kurasa za tovuti, jifunze HTML na JavaScript. Hizi zinahitaji kivinjari na programu ya kuandikia tu.
- Programu ya kuandikia msimbo: Geany ni nyepesi. VSCodium ina mambo mengi zaidi lakini inataka kompyuta yenye nguvu kiasi. Vim inafanya kazi hata kwenye mashine dhaifu kabisa, ila inahitaji subira kuizoea.
- Hifadhidata: SQLite huweka data zote ndani ya faili moja na haihitaji seva. Kwa kazi kubwa yenye watumiaji wengi kwa wakati mmoja, tumia PostgreSQL.
- Ramani: OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004. Programu za OsmAnd na Organic Maps hukuwezesha kuipakua simuni na kuitumia bila mtandao.
- Kutunza maneno ya siri: KeePassXC huyaweka yote katika faili moja iliyofungwa, nawe unakumbuka neno moja tu.
- Kujifunza bila mtandao: Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia na vitabu vingine mara moja, kisha ukavisoma bila bando. Kolibri hufanya hivyo kwa masomo, na inafaa kwa shule au kituo cha vijana.
- Kama una simu tu: Termux, kwenye Android, hukupa Python na Git ndani ya simu. Ipakue kupitia F-Droid, duka la programu huria.

Tahadhari: Pakua zana hizi kwenye tovuti zake rasmi tu. Zote ni za bure. Mtu akikutaka ulipe ili akupe "leseni" ya Python au Linux, anakudanganya. Kulipia mafunzo ni jambo tofauti, lakini hata hapo uliza kwanza utafundishwa nini na kwa muda gani.

Kazi isipotee: jifunze Git mapema

Wengi huhifadhi kazi kwa majina kama "programu_mpya", "programu_mpya2", "programu_ya_mwisho_kabisa". Baada ya mwezi, hata mwenyewe hajui ipi ni ipi. Git ndiyo dawa yake. Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Inaandika historia ya kila badiliko: nani alibadilisha nini, lini na kwa nini. Ukikosea, unarudi nyuma.

Hatua za kwanza ni hizi:

1. Fungua terminali ndani ya folda ya kazi yako, kisha andika `git init`. Hii unaifanya mara moja tu.
2. Tengeneza faili iitwayo `.gitignore`. Orodhesha ndani yake faili ambazo Git isiziguse, kama zile zenye maneno ya siri au majina ya watu.
3. Andika `git add .` ili kuchagua mabadiliko.
4. Andika `git commit -m "Ongeza hesabu ya riba"` ili kuyarekodi, pamoja na sentensi fupi inayoeleza ulichofanya.
5. Andika `git log` kuona historia yote.

Rekodi mara kwa mara, kila unapomaliza kitu kidogo kinachofanya kazi. Ukitaka kujaribu jambo usilo na uhakika nalo, fungua tawi: `git switch -c jaribio`. Likiharibika, kazi yako ya awali iko salama.

Git na GitHub si kitu kimoja. Git ni programu huria iliyo ndani ya kompyuta yako. GitHub ni huduma ya mtandaoni inayomilikiwa na Microsoft tangu mwaka 2018, ambako unaweza kuweka nakala ya kazi yako. Huduma nyingine za namna hiyo ni GitLab, na Codeberg inayoendeshwa na chama kisicho cha biashara cha Berlin, Ujerumani. Ukishafungua akaunti na kuunganisha folda yako, `git push` inatuma nakala huko. Kompyuta ikiibwa, unaingia kwa kompyuta nyingine na kuendelea.

Huna bando? Andika `git bundle create akiba.bundle --all`. Utapata faili moja yenye historia yako yote. Iweke kwenye flashi, umpe ndugu unayemwamini akutunzie. Siku ukiihitaji, andika `git clone akiba.bundle` na kazi yote inarudi. Kumbuka kwamba faili hiyo haijafungwa kwa neno la siri, na yeyote atakayeipata ataweza kuisoma.

Kanuni ya nakala ni rahisi: ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani kwako. Nakala iliyo ndani ya mkoba mmoja na kompyuta haihesabiki, kwa sababu mwizi akichukua mkoba amechukua zote mbili.

Kanuni za kuandika programu

Tuchukue mfano wa kikundi cha akiba, kile ambacho Wanyarwanda hukiita ikimina na ambacho watu wa Kongo wanakifananisha na likelemba. Wanachama 20, kila mmoja analeta faranga 1,000 kwa wiki, na wengine wanakopa. Wamekuomba programu ya kutunza hesabu badala ya daftari. Ukikosea hapa, utakuwa umeleta ugomvi kati ya majirani. Kwa hiyo kanuni hizi si urembo.

*1. Mwandikie mtu atakayesoma kesho.* Mtu huyo mara nyingi ni wewe mwenyewe, umesahau. Usiite kitu `x1`. Kiite kwa kazi yake:

```
def baki_la_mkopo(mkopo, riba, malipo):
    return mkopo + riba - malipo
```

Hata mwekahazina asiyejua Python anaweza kukisia mistari hii inafanya nini. Unaweza kutumia majina ya Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza, ila chagua lugha moja na uifuate. Kama unatarajia msaada wa watu wa nchi za mbali, Kiingereza kitakurahisishia.

*2. Kipande kimoja, kazi moja.* Hesabu ya riba iandikwe mahali pamoja, na sehemu nyingine zote ziiite kutoka hapo. Ukiinakili mara tano, siku kikundi kitakapobadilisha riba utarekebisha nne na kusahau moja.

*3. Jaribu wewe kabla watu hawajajaribu.* Andika jaribio ambalo kompyuta italirudia kila mara:

```
assert baki_la_mkopo(20000, 2000, 5000) == 17000
```

Maana yake: aliyekopa 20,000 kwa riba ya 2,000, akalipa 5,000, lazima abaki na deni la 17,000. Jibu likiwa tofauti, programu inasimama papo hapo. Jaribu pia hali zisizo za kawaida: aliyelipa zaidi ya deni, asiyelipa kabisa, mwanachama aliyeondoka.

*4. Fedha ziandikwe kwa namba nzima.* Kompyuta haishiki desimali zote sawasawa. Uliza Python `0.1 + 0.2`, itakujibu `0.30000000000000004`. Kwa faranga hutaona shida, lakini kama kuna wanachama wanaoweka dola, hifadhi senti: dola 12.50 iandikwe 1250. Weka desimali wakati wa kuonyesha tu. Na usichanganye faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola katika safu moja. Kila kiasi kiandikwe pamoja na aina ya fedha yake.

*5. Saa, tarehe, simu na majina vina mitego.*

- Kwa Kiswahili na Kinyarwanda, saa mbili asubuhi ni 08:00. Mtu akiandika "2" kwenye fomu yako, kompyuta itaelewa usiku wa manane umepita. Onyesha mfano kando ya kisanduku, au mpe mtu saa za kuchagua.
- Rwanda na Goma wako saa moja nyuma ya Uganda, Kenya na Tanzania. Ukihifadhi wakati, hifadhi na eneo lake la saa.
- Tarehe iandikwe mwaka kwanza, kama 2026-03-04. Ukiandika 03/04, mmoja atasoma Machi na mwingine Aprili.
- Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi. Ikihifadhiwa kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea. Acha nafasi ya +250 na +243 pia.
- Usilazimishe "jina la kwanza" na "jina la ukoo". Wengi hapa hawana jina la ukoo linalofanana na la baba, na wengine wana majina matatu au manne. Kisanduku kimoja cha "jina kamili" kinatosha.

*6. Usiamini kila kinachoingizwa.* Mtu anaweza kuandika malipo ya -5000, au sifuri moja ya ziada. Kagua kabla ya kuhifadhi, na toa ujumbe unaoeleweka: "Kiasi lazima kiwe zaidi ya 0", si namba ya hitilafu. Unapopeleka maneno ya mtumiaji kwenye hifadhidata, usiyaunganishe moja kwa moja na amri ya SQL. Weka alama ya `?` na upeleke maneno hayo kando, vinginevyo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuingiza amri yake na kufuta kila kitu.

*7. Umeme na mtandao vitakatika.* Panga kwa kujua hivyo. Programu ihifadhi kwanza ndani ya simu, kisha itume mtandao ukirudi. Kila malipo yapewe namba yake ya pekee. Mtandao ukikatika katikati na simu ikatuma mara ya pili, seva itaona kuwa namba hiyo ipo tayari na haitaandika malipo mara mbili.

*8. Anza na kidogo, na uandike maelezo.* Toleo la kwanza liandike michango tu. Likishatumika wiki kadhaa bila kosa, ongeza mikopo. Weka faili ya README yenye mambo matatu: programu inafanya nini, inasakinishwaje, na nani wa kuulizwa. Ukipata kazi Kigali au ukihamishiwa nchi nyingine, kikundi hakitabaki na programu isiyojulikana na mtu.

Siri zisivuje

Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) ilitangaza kwamba wavamizi wa mtandaoni walikuwa wameingia kwenye seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000. Wengi wao walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, uhamiaji au majanga, pamoja na ndugu waliokuwa wakiwatafuta. ICRC yenyewe ilieleza kwamba wavamizi walipitia tundu ambalo marekebisho yake yalikuwa yametolewa, ila hayakuwekwa kwa wakati. Kama shirika kubwa kiasi hicho linaweza kupatwa, mimi na wewe hatuna budi kuwa waangalifu. Kwa aliyekimbia watu waliotaka kumdhuru, jina na mahali anapoishi vikivuja si aibu tu, ni hatari.

Fanya hivi:

- Usikusanye usichohitaji. Hesabu ya kikundi cha akiba haihitaji kabila, dini, namba ya kitambulisho cha mkimbizi wala kijiji mtu alikotoka. Taarifa usiyokuwa nayo haiwezi kuibwa kwako.
- Tumia majina ya kubuni unapojaribu. Usinakili orodha halisi ya watu ili kujaribia programu. "Mwanachama 1", "Mwanachama 2" wanatosha.
- Maneno ya siri yasiingie kwenye msimbo. Yaweke katika faili ya pembeni iliyotajwa ndani ya `.gitignore`. Kama tayari umeyatuma mtandaoni kwa bahati mbaya, kuifuta faili hakutoshi, kwa sababu historia ya Git bado inayo. Badilisha neno la siri lenyewe mara moja.
- Funga diski na flashi. Unaposakinisha Linux, chagua kufunga diski kwa neno la siri. Kwa flashi, tumia VeraCrypt.
- Weka masasisho mapema. Hii inahusu kompyuta, simu, na kila maktaba ya msimbo wa watu wengine uliyoitumia ndani ya programu yako. Programu kuwa huria haimaanishi haina matundu. Maana yake ni kwamba yakionekana, marekebisho yako wazi kwa kila mtu, pamoja na wavamizi. Anayechelewa ndiye anayeumia.
- Jua sheria. Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Mtu ana haki ya kujua kwa nini unachukua taarifa zake, kuziona, na kuomba zirekebishwe au zifutwe. Sheria ina masharti pia kuhusu kuhifadhi taarifa nje ya nchi, kwa hiyo uliza kabla ya kuziweka kwenye seva ya kigeni.

Na jina lako mwenyewe?

Git huandika jina na barua pepe yako kwenye kila badiliko. Ukiweka kazi hadharani, kila mtu duniani anaweza kuviona, na kuvifuta baadaye ni vigumu sana. Kama kuna watu usiotaka wajue uko wapi, amua hili kabla ya rekodi ya kwanza. Andika `git config user.name` ukifuatisha jina la kazi ulilochagua, na `git config user.email` ukifuatisha barua pepe isiyokutambulisha. GitHub hutoa anwani maalumu ya kuficha barua pepe yako halisi. Usiweke picha ya nyumba unayoishi wala jina la kambi kwenye maelezo ya akaunti.

Kushiriki kazi yako

Msimbo uliowekwa mtandaoni bila leseni si huria. Kisheria bado ni wako peke yako na wengine hawaruhusiwi kuutumia. Ongeza faili ya LICENSE. Leseni ya MIT inaruhusu karibu kila kitu mradi jina la mwandishi libaki. Leseni ya GPL inataka kwamba anayeigawa programu hiyo baada ya kuibadilisha, aitoe naye kwa uhuru uleule. Kumbuka: unafungua msimbo, si data za watu.

Kushiriki kuna faida kwako pia. Wengi wenu mliacha vyeti nyumbani, au vyeti vyenu havitambuliki hapa kwa urahisi. Historia ya kazi iliyo wazi, yenye miezi ya mabadiliko na maelezo mazuri, ni ushahidi ambao mwajiri anaweza kuusoma mwenyewe.

Si lazima uanze kwa msimbo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Programu nyingi huria bado zinahitaji watafsiri wa Kiswahili na Kinyarwanda. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za watu wakisoma sentensi ili kompyuta zielewe lugha zao. Kinyarwanda ni kati ya lugha zenye sauti nyingi zaidi humo, kwa juhudi za watu wa Rwanda wenyewe. Kiswahili nacho kimo, na lafudhi ya Goma na Bukavu inahitajika kama ya Zanzibar.

Jikague kabla ya kulala leo

- Kazi yangu ina nakala mahali pengine mbali na kompyuta hii?
- Nimerekodi mabadiliko ya leo kwa Git?
- Mtu mwingine akisoma msimbo wangu, ataelewa bila mimi kuwepo?
- Kuna jaribio linalohakikisha hesabu muhimu ni sahihi?
- Kuna jina, namba au neno la siri ndani ya faili ambalo halipaswi kuwemo?
- Kompyuta, simu na flashi vimefungwa na kusasishwa?

Kama jibu moja si zuri, anza na hilo kesho asubuhi. Kama una kompyuta moja tu na hujawahi kuweka nakala, usingoje kesho: tafuta flashi sasa hivi.